Breketi za Kauri katika Unyooshaji wa Meno: Kinachofichwa na Kinachogharimiwa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii huwaonya wale wanaotekwa na sura ya kitu bila kuuliza kimeundwa kwa nini. Onyo hilo lina mahali pake katika othodontia, yaani taaluma ya kunyoosha na kupanga meno. Kwa muda mrefu, tiba hii ilijulikana kwa vyuma vinavyometameta kinywani kila mgonjwa anapocheka. Siku hizi, anayechelea vyuma hivyo anaweza kuchagua breketi za kauri, ambazo rangi yake hukaribiana na ya jino. Makala haya yanadhamiria kufafanua breketi hizo ni nini, zilitoka wapi, hufanyaje kazi na zina mipaka gani. Hoja yake kuu ni kwamba kauri hainyooshi meno vizuri kuliko chuma. Inachompa mgonjwa ni stara. Stara hiyo ina thamani yake, lakini pia ina gharama ambayo haiandikwi yote kwenye stakabadhi ya malipo.

Kabla ya kuzama katika mada, ni muhimu kubainisha kwamba si kila meno yasiyolingana ni maradhi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakiwemo Waswahili, mwanya huhesabiwa kuwa pambo la uso. Lugha yenyewe hutenganisha mwanya, ambao ni uwazi wa kimaumbile, na pengo, ambalo huachwa na jino lililong'oka. Hata hivyo, yapo matatizo ambayo hayahusu urembo pekee. Meno yaliyosongamana ni vigumu kusafishwa. Meno ya juu yaliyochomoza mno huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika mtu anapoanguka. Isitoshe, pale ambapo meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani, utamkaji wa sauti kama vile /s/ na /z/ unaweza kuathirika.

Jinsi Jino Linavyosogea

Wengi hudhani kwamba jino limepigiliwa katika taya mfano wa msumari ukutani. La hasha! Mzizi wa jino umeshikizwa kwenye mfupa wa taya kwa nyuzinyuzi laini zilizo hai. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa ulio upande unakoelekea hutafunwa na chembe maalumu za mwili, ilhali upande linakotoka chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Kazi hii huenda kwa mwendo wa kobe: takriban milimita moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo sababu tiba kamili aghalabu huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, na wakati mwingine zaidi.

Breketi ni kidude kidogo kinachogandishwa kwa gundi kwenye uso wa jino. Katikati yake mna mfereji mwembamba ambamo waya hupita. Waya ukishapindwa ili ulifikie kila jino, hujitahidi kurudia umbo lake la asili, na katika kurudi huko huyavuta meno pamoja nao. Kwa hivyo, nguvu inayosogeza jino hutoka hasa kwenye waya. Breketi ni mshikio tu. Ukweli huu ndio ufunguo wa suala zima. Kubadilisha breketi kutoka chuma hadi kauri ni kubadilisha mshikio, wala si kubadilisha kanuni ya tiba.

Chimbuko la Breketi za Kauri

Misingi ya othodontia ya kisasa huhusishwa na daktari Mmarekani Edward Angle, ambaye mnamo 1899 alichapisha uainishaji wa kasoro za mpangilio wa meno unaotumika hadi leo. Enzi hizo na kwa miongo mingi baadaye, jino lilivishwa ukanda mzima wa chuma kulizunguka. Mabadiliko makubwa yalianza mwaka wa 1955, pale Michael Buonocore alipoonyesha kwamba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi huparuzika kiasi cha kuweza kushika gundi. Ugunduzi huo ndio uliowezesha breketi kugandishwa moja kwa moja kwenye jino bila ukanda.

Breketi ilipopungua kuwa kidude kidogo, hamu ya kuifanya isionekane ilizuka. Zile za plastiki zilijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini zilibadilika rangi na kupindika chini ya nguvu ya waya. Jawabu lilitoka mahali ambapo daktari wa meno asingetarajia. Kampuni ya Ceradyne ya California, ikishirikiana na shirika la anga la Marekani, NASA, ilikuwa imeshughulikia aina ya alumina inayopenyeza mwanga, kwa ajili ya kukinga vifaa vya kufuatilia makombora yanayofuata joto. Mnamo 1986, kampuni ya Unitek, iliyounda vifaa vya kunyooshea meno, iliitafuta Ceradyne ikitaka mata imara isiyoonekana kwa urahisi. Mwaka uliofuata, breketi za alumina ziliingia sokoni. Hivyo ndivyo mata iliyohusishwa na zana za vita ilivyoishia vinywani mwa vijana.

Kauri Hii ni Ipi?

Katika Kiswahili, kauri ni jina la kombe la pwani lililowahi kutumika kama fedha, na pia ni jina la udongo mweupe wa vikombe na sahani zinazong'aa mfano wa kombe hilo. Waitalia nao walifuata mkondo uo huo, kwani waliviita vyombo vya Uchina porcellana, jina walilolipa kombe lilo hilo. Hata hivyo, kauri ya breketi si udongo wa sahani. Ni alumina, yaani muungano wa alumini na oksijeni. Alumina ikiwa fuwele moja safi huwa ni jamii ya yakuti, kito ambacho aina yake nyekundu huchimbwa nchini Kenya katika eneo la Taita Taveta. Baadhi ya breketi hukatwa kutoka fuwele moja iliyotengenezwa kiwandani, nazo huwa angavu kama kioo. Nyingine huundwa kwa chembechembe nyingi zilizounganishwa kwa joto kali, na hizo huwa na weupe unaofanana na wa jino.

Faida Zake

Faida ya kwanza ni kutoonekana kwa urahisi. Kwa mwalimu, mtangazaji, wakili au mwanafunzi anayesimama mbele ya hadhira, jambo hili si dogo. Haya ya vyuma huwafanya baadhi ya watu wazima waahirishe tiba mwaka baada ya mwaka. Mwigizaji Tom Cruise alipoonekana hadharani mwaka wa 2002 akiwa na breketi za kauri, huku akikaribia umri wa miaka 40, wengi walitanabahi kwamba tiba hii si ya watoto pekee. Naam, samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mfupa wa taya haukauki mtu anapotimiza miaka 18. Maadamu ufizi na mfupa vina afya, meno ya mtu mzima husogea pia.

Pili, kauri haina nikeli, metali inayowasumbua watu wenye mzio nayo, ingawa waya wenyewe huweza kuwa na nikeli na sharti daktari aarifiwe. Tatu, breketi za chuma huharibu picha za kichwa zinazopigwa kwa mashine za sumaku hospitalini. Zile za kauri tupu haziathiri picha kiasi hicho.

Mipaka Yake

Kwanza, kauri ni ngumu lakini si stahimilivu. Chuma kikizidiwa na nguvu hupinda. Kauri haipindi, huvunjika. Kwa sababu hiyo, breketi zake aghalabu hufanywa nene kidogo, na mvaaji hushauriwa ajiepushe na kutafuna muwa, mahindi makavu, mifupa na vipande vya barafu. Pili, waya hauteleza kwa urahisi ndani ya mfereji wa kauri kama unavyoteleza ndani ya chuma. Msuguano huo unaweza kupunguza kasi ya meno yanayopaswa kuteleza kwenye waya. Baadhi ya watengenezaji huutandika mfereji kwa metali ili kupunguza tatizo hili.

Tatu, kauri huushinda ugumu wa jino lenyewe. Katika kipimo cha Mohs, ambacho huishia 10, alumina ina 9 ilhali enameli ina takriban 5. Iwapo meno ya juu yanagongana na breketi za kauri zilizo chini, ni jino litakaloliwa, si breketi. Enameli iliyokwisha haioti tena. Nne, kubandua kauri kunahitaji uangalifu. Breketi za mwanzoni ziligandishwa kwa nguvu kupita kiasi hivi kwamba, zilipobanduliwa, baadhi ziling'oka na vipande vya enameli. Miundo ya baadaye ilirekebishwa ili gundi iachie kwa urahisi zaidi, lakini kazi hiyo bado ni ya mkono uliofunzwa.

Aidha, kauri yenyewe haishiki rangi kwa urahisi, ila vimpira vinavyoufungia waya hushika. Sahani moja ya biriani au mchuzi wenye manjano hutosha kuvigeuza rangi, sembuse chai ya kila siku. Vimpira hivyo hubadilishwa daktari anapotembelewa, kwa kawaida kila baada ya wiki 4 hadi 6. Kati ya ziara hizo, siri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inaweza kufichuliwa na kijiko cha bizari.

Hali Mahususi ya Kenya

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, yakiwemo maeneo ya Nakuru na Naivasha, maji ya visima huwa na floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaoyanywa maji hayo wakati meno yao yanaumbika huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na madoa hayo hayaondoki kwa mswaki. Enameli ya namna hii huikaidi asidi inayoiandaa kwa gundi, hivyo breketi zaweza kubanduka mara kwa mara. Zaidi ya hayo, breketi nyeupe kwenye jino la kahawia haijifichi, hujitangaza. Mtu mwenye meno kama hayo ana haki ya kuelezwa haya yote kabla ya kulipa.

Uteuzi wa Busara

Si lazima mgonjwa achague kauri yote au chuma chote. Madaktari wengi huweka kauri kwenye meno ya mbele ya juu, yanayoonekana, na chuma kwenye yale ya chini na ya nyuma. Mseto huu hupunguza gharama na kuikinga enameli. Kabla ya kuamua, inafaa mgonjwa aulize maswali manne: meno yangu yanakutanaje ninapouma? Enameli yangu ina hali gani? Breketi ikivunjika, nani atalipia nyingine? Baada ya breketi kutolewa, nitavaa kifaa gani cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka? Swali la mwisho husahaulika mno, ilhali meno yasiyozuiwa huelekea kurejea. Vilevile, ni sharti anayeifanya kazi hii awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba breketi za kauri ni njia halali ya kunyoosha meno kwa mtu anayethamini stara na aliye tayari kuzitunza. Hazina muujiza wowote unaozidi ule wa waya, subira na mfupa ulio hai. Anayezichagua akijua udhaifu wake hatajuta. Anayezichagua kwa sababu ya sura tu anaweza kugundua, baada ya miezi kadhaa, kwamba alichokilipia ni mkakasi. Fauka ya hayo, mswaki haubagui: uchafu ukizingira breketi, iwe ya kauri au ya chuma, jino litabaki na doa jeupe la kudumu, na mpangilio mzuri wa meno yaliyooza haumfai mtu yeyote.