Mabwalo ya Kajiado

Ukitoka Tanzania ukavuka mpaka pale Namanga, tayari umeingia Kajiado, Kenya. Barabara ya Nairobi inaipasua kaunti hiyo ya Wamaasai toka kusini hadi kaskazini: unaupita mji wa Kajiado wenyewe, makao makuu ya kaunti, uliokua kando ya reli ya Magadi, unafuata Isinya, halafu Kitengela, ambayo juzijuzi tu ilikuwa malisho, na sensa ya 2019 ikaikuta na watu zaidi ya 150,000. Benki zimejaa, makanisa usiseme. Lakini mgeni kutoka kwetu akiuliza michezo ya kuigiza hutazamwa wapi, jibu la kwanza ni shuleni, na huko shuleni ni kwenye bwalo la chakula.

Vikundi vya waigizaji huzunguka shule za sekondari na tamthilia zinazotahiniwa kidato cha nne. Meza za kulia huunganishwa zikawa jukwaa, shuka likatundikwa likawa pazia, na harufu ya maharage haijaisha humo ndani. Wanafunzi wamebanana kwenye mabenchi, kitabu mapajani. Mwigizaji akiruka maneno, ukumbi mzima unaguna, maana wameyakariri. Kwa miaka kadhaa, sambamba na Kigogo ya Pauline Kea, ilitahiniwa pia ile tamthilia ya Ibsen ya 1879, ambamo Nora anamwacha mumewe na kuufunga mlango nyuma yake. Mjini Kajiado kuna shule ya wasichana ya AIC ambayo kwa miaka mingi imewapokea mabinti waliokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Katika mji wa namna hiyo, kisa cha Nora hakihitaji mwalimu wa kukifafanua.

Halafu kuna tamasha la maigizo la shule, lililoanza 1959. Washindi hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa, na Wakenya hulifuatilia kama sisi tunavyofuatilia ligi. Serikali nayo hulitazama kwa jicho kali. Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliokuja na mchezo wa kuikosoa serikali waliimba wimbo wa taifa kisha wakatoka ukumbini bila kuigiza, na nje polisi walirusha mabomu ya machozi. Wale walikuwa watoto wa shule.

Watu wazima wa Kitengela wao wana bustani za hoteli, ambako mwisho wa wiki hupigwa muziki wa mugithi, na wana makanisa yenye kwaya. Ni mahali pazuri, ila kila pahali pana mwenyewe, naye ndiye anayeamua kipi kionyeshwe.

Lakini mji unaweza kujijengea ukumbi wake. Marekani, tangu miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne iliyofuata, miji midogo kuliko Kajiado ilijijengea nyumba za opera, mara nyingi ghorofani juu ya maduka. Opera yenyewe iliimbwa kwa nadra. Humo watoto walihitimu shule, wanasiasa walihutubia, vijana walicheza dansi, na vikundi vya kusafiri viliigiza usiku mmoja na kuondoka. Mpaka leo ipo Haskell, ya 1904, iliyojengwa makusudi juu ya mpaka: viti vingi viko Derby Line, Marekani, na jukwaa liko Stanstead, Kanada. Namanga ingependeza sana na nyumba kama hiyo.

Kenya yenyewe iliwahi kuwa na jukwaa la wananchi. Mwaka 1977, kule Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao uwanja wa maigizo wa wazi wa watazamaji wapatao 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wiki chache baadaye mchezo ulipigwa marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na Machi 1982 polisi wakaubomoa uwanja.

Kitengela haipungukiwi mafundi, na saruji inasagwa hapo jirani, Athi River. Serikali ya kaunti itenge kiwanja cha ukumbi, kisha iwaachie wenye mji waamue wenyewe watakachoigiza.