Kijidudu cha Utumboni Kinachoshinda Dawa



Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu, awe mwendesha mashine kiwandani au mchuma chai shambani, kuna vijidudu viitwavyo enterokokasi. Jina hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1899, na maana yake ni punje za utumbo, kwa kuwa vikitazamwa kwa darubini huonekana kama punje za mviringo zilizokaa mbili mbili au zilizotungwa kama shanga fupi. Humo utumboni havina ubaya. Mtu huishi navyo toka utoto hata uzee bila kujua kwamba anavyo. Kuku anavyo, ng'ombe anavyo, nguruwe naye anavyo.

Taabu huanza vinapotoka mahali pake. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo kwa siku nyingi anaweza kuvipata katika kibofu. Aliyepasuliwa tumbo anaweza kuvipata katika kidonda. Vikiingia katika damu huweza kwenda kukaa juu ya valvu za moyo na kuzila polepole, na huo ni ugonjwa wa kuua. Wanaoumizwa zaidi ni waliolazwa muda mrefu, wazee, na wale ambao figo zao zimekufa na damu yao husafishwa kwa mashine. Tuseme wazi ili tusitishane bure: mtu mzima mwenye afya haugui kwa kuvigusa tu. Na jeraha la panga mguuni mara nyingi huoza kwa sababu ya kijidudu kingine, stafilokokasi, ambacho tutakirudia hapa chini.

Kwa nini basi tukiandike kijidudu hiki katika gazeti la chama? Kwa sababu ya ugumu wake, na kwa sababu ugumu huo umeongezwa mahali pa kazi.

Enterokokasi huvumilia joto la nyuzi 60 kwa nusu saa. Huvumilia chumvi nyingi. Juu ya kitanda kikavu cha hospitali, au kwenye kitasa cha mlango, huweza kuishi kwa wiki, hata miezi, na mwenye kufagia wodi huihamisha kwa mikono yake sawasawa na daktari. Dawa nazo huisumbua kidogo tu. Penisilini huizuia isikue lakini kwa kawaida haiiui. Ndiyo sababu ugonjwa wa valvu za moyo umetibiwa miaka mingi kwa dawa mbili pamoja, penisilini ya kutoboa ukuta wa kijidudu na gentamaisini ya kupenya ndani. Sindano ya seftriaksoni, ambayo leo hutolewa karibu kila hospitali kwa karibu kila homa kali, haiwezi kuiua hata kidogo. Zaidi ya hayo sindano hiyo huua vijidudu vingine vya utumboni na kuiachia enterokokasi nafasi ya kuzaana. Mgonjwa hulipa, huchomwa siku saba, na kama ugonjwa wake ni wa enterokokasi hatapata nafuu. Kipimo cha kuotesha vijidudu katika maabara ndicho kionyeshacho ni kijidudu gani na dawa gani inakiweza, na twajua ni zahanati ngapi za mashambani zenye kipimo hicho.

Kwa miaka mingi dawa ya mwisho ilikuwa vankomaisini. Ilitokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa kisiwa cha Borneo, na ilianza kutumika Marekani mwaka 1958. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza kwa mtu wa karakana. Kijidudu hujenga ukuta wake kwa vipande, na kila kipande kina ncha ya kukifungia kwa kingine. Vankomaisini hushika ncha hiyo kama spana inavyoshika nati, ukuta usiungike, kijidudu kife. Lakini mwaka 1986 katika Uingereza na Ufaransa walionekana wagonjwa wenye enterokokasi isiyokufa, na habari ikatangazwa mwaka 1988. Kijidudu kilikuwa kimebadilisha ncha. Spana ni ile ile, nati imekuwa ya namba nyingine, na spana yateleza. Tena maarifa ya kubadilisha ncha huandikwa katika kipande cha urithi ambacho kijidudu kimoja humpa mwenzake, kama watu wanavyochongeana ufunguo.

Ufunguo huo ulizagaaje? Hapa ndipo shamba linapoingia.

Toka miaka ya 1970 wafugaji wakubwa wa Ulaya walichanganya katika chakula cha kuku na nguruwe dawa iitwayo avoparsini. Mifugo haikuwa mgonjwa. Dawa ilitiwa kidogo kidogo kila siku ili mnyama anenepe haraka kwa chakula kile kile, na faida iongezeke. Uingereza kamati ya serikali ilikuwa imekwisha shauri mwaka 1969 kwamba dawa za kutibu watu zisitumike kunenepesha wanyama. Makampuni yalijibu kwamba avoparsini si dawa ya watu. Kweli, hakuna mtu aliyetibiwa kwa avoparsini. Ila avoparsini na vankomaisini ni ndugu wa tumbo moja, na kijidudu kilichojifunza kumshinda mmoja kimemshinda na wa pili. Mwaka 1994 nchi ya Denmark ilitumia kilo 24 za vankomaisini kutibu watu. Mwaka huo huo ilitumia kilo 24,000 za avoparsini kwa mifugo.

Uholanzi walipima mavi ya bata mzinga na ya watu, wakatoa matokeo mwaka 1997. Nusu ya makundi ya bata mzinga yalikuwa na enterokokasi isiyokufa kwa vankomaisini. Katika watu, wafugaji waliokuwa nayo walikuwa 39 kwa kila 100, wafanyakazi wa machinjio 20 kwa kila 100, na wakazi wa kawaida wa eneo hilo 14 kwa kila 100. Mfugaji mmoja alikuwa na kijidudu kile kile kilichokuwa katika bata zake, kisichotofautiana hata alama moja. Hesabu hizo zasema wazi nani yuko karibu na gunia. Hawakuwa wagonjwa watu hao, lakini siku mmoja wao akipasuliwa tumbo, atakwenda hospitali na kijidudu chake.

Denmark ilikataza avoparsini mwaka 1995, na Jumuiya ya Ulaya yote ikafuata mwaka 1997. Katika kuku wa Denmark kijidudu kigumu kilishuka kutoka karibu 73 kwa kila 100 mwaka 1995 hadi karibu 6 mwaka 2000. Katika nguruwe hakikushuka. Kilikaa pale pale karibu miaka mitatu, wataalamu wakashangaa, mpaka ikaonekana kwamba ufunguo wa kushinda vankomaisini ulikuwa umefungwa katika kipande kimoja na ufunguo wa kushinda dawa nyingine, tailosini, ambayo nguruwe walikuwa wakiendelea kulishwa. Tailosini ilipopunguzwa mwaka 1998, vyote viwili vilishuka pamoja. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, kwa maana dawa moja huweza kulinda usugu wa dawa nyingine ambayo hata haitumiki tena. Tangu Januari 2006 Jumuiya ya Ulaya imekataza kabisa dawa za aina hii kuwa za kunenepesha.

Asidhani mtu kwamba kosa ni la mifugo peke yake. Marekani haikuruhusu avoparsini hata siku moja, lakini wodi zake zilijaa kijidudu hicho katika miaka ya 1990, kwa kuwa madaktari walitumia vankomaisini kupita kiasi. Mwaka 2002 huko Michigan kilitokea kile kilichoogopwa: mgonjwa wa figo mwenye kidonda mguuni alikutwa na stafilokokasi iliyopewa ufunguo na enterokokasi, wala vankomaisini haikuiweza. Visa vya namna hiyo vimebaki vichache mno. Lakini stafilokokasi ndiyo ile ya jeraha la panga.

Sasa tutazame laini zetu. Mwenzetu akikatwa mguu shambani, humwaga unga wa kapsuli ya rangi mbili juu ya jeraha, kapsuli mbili humeza, zilizobaki humpa jirani mwenye kikohozi. Mkubwa wa zahanati humlaumu kwa ujinga. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo yote. Kibarua wa kipande asipofikisha kilo hapati mshahara wa siku. Dozi ya siku saba ina bei ya siku kadhaa za kazi. Na ruhusa ya ugonjwa huisha kabla ya dozi kuisha. Unga juu ya jeraha haufai kitu, na jambo hilo tulifundishane wenyewe. Maji safi na sabuni hufaa zaidi. Lakini maji ya bomba katika mistari ya chai, na dozi kamili kutoka zahanati bila kukatwa mshahara, ni madai ya kupeleka mezani kwa mwajiri.

Matawi yenye wanachama katika mashamba ya kuku, machinjio na viwanda vya chakula cha mifugo yana kazi nyingine. Wanaochanganya chakula waulize gunia lina dawa gani na kwa nini imetiwa. Kama ni ya kutibu, daktari wa mifugo awe ameiandika, na siku za kungoja kabla ya kuchinja ziandikwe ukutani. Glavu na mahali pa kunawa viwe kabla ya chumba cha kulia chakula, si baada yake. Nao wafagiaji wa hospitali wafundishwe na wapewe dawa ya kusafishia vitanda kila mgonjwa atokapo, maana mahali pengi hupewa ndoo na tambara moja kwa wodi nzima.