Mabati Yanapotoka Jasho Eldoret

Asubuhi za Julai mjini Eldoret, jua likishapanda kidogo, kuna nyumba zinazoanza kudondosha maji ndani ingawa usiku mvua haikunyesha. Dari huota miviringo ya rangi ya chai. Mwenye nyumba humwita fundi azibe tundu; fundi hupanda, hukagua bati moja moja, na tundu halionekani.

Maji hayo hutoka ndani ya nyumba yenyewe. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na anga ikiwa safi usiku mabati hupoa haraka hata kuishinda hewa kwa baridi. Mvuke wa sufuria, wa maji ya kuoga na wa pumzi za waliolala hupanda, hupenya kwenye nyufa za dari na matundu ya nyaya za taa, kisha hugusa bati na kuwa matone. Hali hiyo ikiendelea miaka, misumari hushika kutu na mbao za paa huoza bila mtu kuziona.

Nyumba za nyasi za Wanandi zilipumua zenyewe. Moshi wa mekoni ulipanda hadi darini kulikowekwa nafaka, ukaikausha na kuwafukuza wadudu, kisha ukatokea kwenye nyasi. Bati halipitishi kitu, kwa hiyo hewa lazima itengenezewe njia.

Njia zenyewe ni mbili: matundu ya chini, kwenye mbao za upenuni, na ya juu, karibu na kilele cha paa. Hewa yenye joto na unyevu hutokea juu, kavu ikaingia chini. Waya wa mbu huzuia popo na ndege.

Wengi huogopa kwamba matundu hayo yataleta baridi chumbani. Dari ikizibwa vizuri, upepo huo hupita juu yake tu. Matundu yaliyo juu ya madirisha ni jambo jingine: hayo huhudumia chumba, na kuyaziba kwa magazeti huku jiko la makaa likiwaka ndani ni hatari, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Anayetaka kuhakikisha apande darini alfajiri na tochi, apapase bati kwa chini. Likiwa limelowa na mvua haikunyesha, fundi aitwe kutoboa matundu ya upenuni.