KAMERA IKESHAYO MSITUNI

Ukitoka hapa shuleni ukafuata barabara ya vumbi, utapita mashamba ya chai hadi uchoke. Kisha utafika kwenye chai ya Nyayo, ule ukanda ulioanzishwa mwaka 1986 ili watu wasizidi kuumega msitu. Ukivuka ukanda huo, uko katika Msitu wa Mau Kusini Magharibi. Mimi naishi upande huu wa chai. Upande ule anaishi mnyama ambaye sijamwona hata siku moja, wala baba hajamwona. Ni babu yangu tu, tunayemwita Kugo, asemaye kwamba alimwona alipokuwa kijana: mwekundu kama udongo wa kwetu, pembe zimejipinda, na mistari myeupe ubavuni kana kwamba amemwagiwa uji. Sisi wajukuu tulicheka. Tulidhani ni zile hadithi za kungojea ugali uive.

Kumbe mzee alisema kweli. Mnyama huyo ni bongo wa milimani. Duniani kote haishi mwituni ila hapa Kenya, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Eburu na Mau, na wataalamu hukadiria kwamba waliobaki mwituni hawafiki 100. Hao ni wachache kuliko wanafunzi wa vidato viwili vya shule yetu! Sasa utauliza, kama haonekani, nani aliyemhesabu?

Jibu ni kamera za kutegwa. Hizi ni kamera ndogo zilizofungwa ndani ya kasha lisiloingia maji, zikafungwa kwa mkanda kwenye mti, kando ya njia ya wanyama au mahali wanapolamba chumvi. Hakuna mtu anayebonyeza kitu. Mbele yake kuna kihisi kinachotambua joto linalosogea. Mwili wa mnyama una joto kuliko majani yaliyo nyuma yake, basi akipita tu, kihisi kinashtuka na picha inapigwa, na saa na tarehe vinaandikwa papo hapo. Usiku kamera hutumia mwanga usioonekana kwa macho, kwa hiyo mnyama hashtuki sana. Baada ya majuma kadhaa watu hurudi, wakabadilisha betri na kuchukua kadi yenye picha. Hapo ndipo kazi huanza, maana jua likiwa kali na upepo ukitikisa majani yaliyopata moto, kamera hudanganyika ikapiga mamia ya picha za majani matupu. Na ndovu wa Mau akiamua kuing'oa, basi tena.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nchi za Wamasai karibu na Kilimanjaro akafunga punda awe chambo, akatega uzi uliounganishwa na kamera na unga wa kulipuka mwanga. Simba akigusa uzi, anajipiga picha mwenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Baadaye kamera hizi zilifanya makubwa zaidi. Mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa kule Tanzania, zilinasa sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye hakuna mwanasayansi aliyekuwa akimjua. Mwaka 2008 akapewa jina rasmi.

Lakini kupiga picha si kuhesabu. Bongo mmoja anaweza kupita mara kumi usiku mmoja akaonekana kama kundi. Hapa sisi wa kidato cha tatu tuna la kujivunia, kwa sababu tumesoma dawa yake katika Bayolojia. Nyuma ya uwanja tulikamata panzi 24, tukawatia rangi, tukawaachilia. Siku iliyofuata tukakamata 20, na 6 kati yao walikuwa na rangi. Ukizidisha 24 kwa 20, ukagawanya kwa 6, unapata 80, na hayo ndiyo makadirio ya panzi wote. Bongo huna haja ya kumpaka rangi, tayari amejipaka. Mistari yake, kama 10 hadi 15, haifanani na ya mwenzake. Tatizo ni kwamba ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto, kwa hiyo ni vizuri kufunga kamera mbili zinazotazamana, la sivyo utamhesabu bongo mmoja mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo sitalificha. Kamera haichagui. Humnasa mwindaji na mbwa wake, na hilo ni jema, kwani mbwa na mitego ya nyaya ndivyo vilivyommaliza bongo. Lakini humnasa pia mama aliyebeba kuni. Mwaka jana uvumi ulienea kijijini kwetu kwamba kuna macho juu ya miti, na akina mama wengi, hata wale waliolipia kibali cha kuokota kuni kavu, wakaogopa kuingia. Mama alikaa majuma mawili akiunguza matawi ya chai yaliyopogolewa, na moshi wake si mchezo. Hakuna aliyekuja barazani kueleza kamera ni za nani na picha zetu zinapelekwa wapi. Nionavyo mimi, anayetega kamera karibu na watu aanze na baraza, kisha ndipo apande mti. Mwanakijiji aliyeelezwa ataiona kamera na kuipita. Asiyeelezwa ataivunja kwa panga, na hesabu yote ya mwezi mzima imepotea.

Mwezi wa Aprili nilimwonyesha Kugo picha ya bongo iliyopigwa usiku na kamera ya kutegwa, katika simu ya mama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Aliishika simu karibu na pua, akanyamaza sana, kisha akacheka. "Masikio ni yale yale," alisema. Halafu akaniuliza kama huyo wa kwenye simu ni wa upande wetu wa msitu. Nilimwambia la, ni wa Aberdare. Akanirudishia simu, akasema wa kwetu nao wapigwe.