Kwa nini baridi humtesa mwendesha baiskeli akiteremka, sio akipanda

Ukiwaona waendesha baiskeli wa kulipwa wakipanda mlima huku theluji inaanguka, unaweza kudhani hapo ndipo penye mateso. Kumbe balaa lenyewe huanza wakishafika juu.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Juni 5, 1988. Siku hiyo mashindano ya Giro d'Italia yalipita mlima Gavia, kaskazini mwa Italia, wenye barabara inayofika zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Theluji ilikuwa inamwagika.

Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, akiwa na jezi ya mikono mifupi. Lakini kwenye mteremko mwili uligoma. Ilibidi asimame njiani kutafuta joto, na alimaliza akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 40.

Nini kilimpata?

Wakati wa kupanda, misuli ya miguu ni kama jiko. Inatoa joto jingi, na mtu anatoka jasho hata kwenye theluji. Nguo zinalowa ndani na nje.

Akianza kuteremka, hapigi tena pedali kwa nguvu, kwa hiyo jiko linazimika. Hapohapo kasi inaongezeka na upepo unapiga nguo mbichi. Kama umewahi kupanda bodaboda ukiwa umelowa mvua, unaijua hali hiyo. Sasa fikiria iwe kwenye theluji, kwa kilomita kama 25 mpaka mjini Bormio.

Mwili ukipoa, hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda moyo na ubongo. Vidole vinakufa ganzi. Mwendeshaji anashindwa kubana breki vizuri, na akitetemeka, usukani nao unacheza. Kwenye kona za mlimani, hiyo ni hatari ya kifo.

Waliojiandaa

Timu ya Mmarekani Andy Hampsten ilikuwa imenunua nguo nzito za wachezaji wa ski kabla ya safari, na ikawasubiri vijana wake mlimani na vinywaji vya moto. Hampsten alimaliza wa pili siku hiyo, sekunde 7 nyuma ya Erik Breukink, akachukua jezi ya pinki. Wiki moja baadaye akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Ushujaa una gharama

Mwaka 1980, mbio za Liège–Bastogne–Liège nchini Ubelgiji zilipigwa na theluji. Walianza 174, wakamaliza 21 tu. Mshindi, Bernard Hinault wa Ufaransa, aliwaacha wenzake kwa zaidi ya dakika tisa, lakini vidole vyake vilibaki na madhara ya baridi ile.

Siku hizi mambo yamebadilika. Katika Milan–San Remo ya 2013, theluji ilipozidi, waendeshaji walipandishwa mabasi na kuvushwa sehemu mbaya ya njia. Baadaye shirikisho la kimataifa, UCI, liliweka utaratibu wa kufupisha au kufuta mbio hali ya hewa ikiwa mbaya mno.

Kwa hiyo ukimwona mwendeshaji anapoteza sekunde kadhaa kileleni ili avae koti, usidhani amechoka. Anataka vidole vyake viweze kubana breki huko chini.