Karani Aliyegeuzwa Kipaza Sauti

Tangu asubuhi bodi ilikuwa mezani, umeme upo, taa zinawaka, na upande wa pili kimya. Nilikuwa nimeunganisha saketi mbili zilizotakiwa kupelekeana data kwa kasi ya biti bilioni 8 kwa sekunde, na katikati yao ilikaa retaima, chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kufika adhuhuri nilishashika pasi ya kuchomelea ili niing'oe. Fundi mkuu wetu, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, akainama akatazama vipimo.

"Mwanangu, hiyo haijafa. Imegoma."

Gawa sekunde moja katika vipande bilioni 8: hiyo ndiyo nafasi ya biti moja. Juu ya bodi ishara husafiri kama sentimita 15 kwa nanosekunde, kwa hiyo biti moja haifiki sentimita 2 kwa urefu. Njia yetu ya shaba ilikuwa ya nusu mita, maana yake biti zaidi ya 25 ziko njiani kwa pamoja, zinafuatana kama siafu. Na shaba pamoja na bodi yenyewe hula zaidi mabadiliko ya haraka kuliko ya polepole. Mwisho wa safari, sifuri na moja zimeyeyukiana.

Amplifaya ya kawaida hutia nguvu chochote inachokisikia. Spika za harusini hupaza wimbo na kikohozi cha mwimbaji sawasawa. Retaima ni karani. Huipokea barua iliyochakaa, huisoma, kisha huiandika upya kwa karatasi safi na mwandiko wa kwake. Ila karani huyu hawezi kusoma mpaka ashike mapigo ya ishara, na saa yake ya ndani ina mipaka. Ya kwetu ilijua biti bilioni 9.8 hadi 12.5 kwa sekunde, pamoja na nusu na robo ya kasi hizo. Nusu inaishia 6.25. Nane yetu ilidondokea katikati, pasipo na mtu. Chipu ilipokosa mapigo ikajifunga mdomo, kama ilivyopangwa kiwandani: bora kimya kuliko kupayuka.

Mama akaunganisha nyaya mbili za mawasiliano, akaandika namba chache kwenye rejista za chipu: toa data kama ilivyoingia, usisubiri mapigo, usizime sauti. Basi. Ishara bado ilipita kwenye ikwalaiza, ile sehemu inayorudisha mabadiliko ya haraka yaliyoliwa njiani, kisha ikasukumwa nje kwa nguvu. Kwenye osiloskopu, umbo ambalo mafundi tunaliita jicho, lililokuwa limefumba, likafunguka.

Nikaiacha robo saa. Biti trilioni 7.2 zikapita bila kosa hata moja, nami kichwa kikavimba.

Kesho yake nikaweka retaima ya pili, nayo nimeizuia kusoma, ili nirefushe njia. Makosa yakaanza kudondoka kama bomba bovu. Mtetemo wa muda, yaani biti kuwahi au kuchelewa kidogo, ambao karani angeuacha mlangoni sasa ulipita mzima mzima, na kila chipu ikaongezea wa kwake. Sikukoma. Nikaingiza wimbi laini, kama ningefanya na amplifaya ya redio. Likatoka limekatwa vichwa, na kila nilipoongeza nguvu ya kuingia, ya kutoka ikabaki ileile. Chipu hii inajua ngazi mbili tu, ndiyo na hapana. Ndiyo maana haifai pia pale ambapo ncha mbili huanza kwa kupatana juu ya umbo la ishara: mtumaji akibadilisha umbo, mpokeaji haoni badiliko lolote.

Mama hakunigombeza. Alikata kipande cha karatasi ya gundi, akaandika kwa kalamu nene, akakibandika juu ya ile bodi ya kwanza: HAPA KARANI HASOMI. Kimepauka sasa, lakini kipo.