Kitukutuku cha Umeme Kikikataa Kwenda: Sheria ya Kazini Ifuatwe Hata Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, sheria hii unaijua tangu siku yako ya kwanza kazini: mashini ikiharibika, hatuigusi mbele ya kukata umeme. Tunakata, tunafunga kwa kufuli, tunatundika kibao, na ufunguo unabaki katika mfuko wa yule anayetengeneza. Kisha tunapima ili kujua kama kweli umeme umekwisha. Lakini jioni, ukifika nyumbani na kitukutuku chako cha umeme kinakataa kwenda, je, unaikumbuka sheria hiyo? Ao unakamata turnevisi na kuanza kufungua, watoto wamekuzunguka?

Kitukutuku hiki hakinywi esansi wala hakitoi moshi, kwa hiyo wengine wanakiona kama kitu cha kuchezea. Sivyo. Batri zake ni za volti 36, 48, 60 ao 72. Hazimpigi mtu kama volti 220 za ukutani, lakini zina nguvu nyingi ndani yake. Chuma kikigusa ncha zake mbili kwa mara moja, cheche zinaruka, waya zinakuwa nyekundu, na pete iliyo kidoleni inaunguza kidole vibaya sana.

Basi tufuate njia, hatua kwa hatua.

1. Kata umeme. Zima, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako. Chomoa chaja ukutani. Vua pete, saa na bangili. Tenga batri na waya za kitukutuku. Kisha ngojea dakika chache, maana kontrolere, yaani kile kisanduku kinachogawia mota umeme, inaweza kubakiza umeme ndani yake hata batri ikiwa imetolewa. Na usisahau: batri iliyotolewa bado iko hai.

2. Anza na mambo madogo. Katika vitukutuku vingi, mkono wa breki una swichi inayokata mota. Swichi hiyo ikikwama, taa zinawaka lakini gurudumu halizunguki. Vingine vina swichi ya namna hiyo katika mguu wa kusimamia. Angalia hayo mbele ya kulaumu mota. Baadaye fungua plagi moja moja. Je, kuna maji ndani? Je, kuna kutu ya kijani? Sisi watu wa shaba tunaijua rangi hiyo: ni ile ya malakiti. Kutu hiyo inazuia umeme kupita, na pahali inapozuia panapata joto. Plagi iliyoyeyuka ao iliyokuwa nyeusi haisafishwi, inabadilishwa.

3. Pima. Weka kipimo cha volti upande wa umeme wa batri, si upande wa umeme wa ukutani, na usiache sindano zake mbili zigusane. Batri ya risasi ya volti 48 ni batri nne za volti 12 zilizofuatana. Kila moja, ikijaa na kupumzika, inaonyesha karibu volti 12,7. Kama tatu ni nzuri na moja inaonyesha 10, mgonjwa umekwisha kumpata. Batri ya litiumu iliyoandikwa volti 36 kwa kawaida inafika 42 ikijaa. Ile ya 48 yenye seli 13 inafika 54,6. Ukitaka kujaribu mota, inua kwanza gurudumu lake lisiguse udongo, na watoto wakae mbali.

4. Fyuzi ni mlinzi wa nyumba. Ukimkuta mlinzi amekufa mlangoni, usikimbilie kuweka mwingine. Uliza kwanza nani amemuua. Tafuta waya iliyochubuka chini ya kiti ao karibu na usukani. Kisha weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa. Ikiungua tena, simama hapo, umwite fundi. Usifunge waya ya shaba ao msumari pahali pa fyuzi! Ukifanya hivyo, umeme haukatiki tena. Joto linapanda katika waya, na kutoka kwenye waya moto unaweza kufika kwenye batri.

Chaja usiifungue: ndani yake mna volti 220 zile za ukutani. Vilevile kontrolere na tumbo la batri ya litiumu ni kazi ya fundi anayezijua.

Na wewe, mama wa nyumba, neno hili ni lako pia. Batri isichajiwe katika chumba cha kulala, wala mlangoni pa kutokea, wala usiku wote wakati watu wamelala. Batri ya risasi ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kushika moto. Iwekwe pahali penye kupitisha upepo, mbali na mbabula. Batri ya litiumu ikivimba, ikinuka ao ikipata joto kupita kawaida, usiichaji tena wala usiitoboe. Ikianza kupiga mluzi ao kutoa moshi, usibaki kuokoa kitukutuku. Toa watoto nje, funga mlango, ita wazima-moto. Moshi ule ni sumu. Aliyeungua, mumwagie maji safi ya baridi dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno, kisha mumpeleke kwa munganga.

Fyuzi inauzwa bei ndogo, na kutenga batri ni kazi ya dakika chache. Shimoni kapita anakuangalia. Nyumbani hakuna kapita. Wanaokuangalia ni watoto wako, na namna unavyofanya wewe ndivyo watakavyofanya wao kesho. Kata umeme, pima, ndipo uguse.